Bunduki Iliyostaafu

Mpwa wangu yuko Georgia, Marekani, na tangu apate uraia wa huko amekuwa akiniuliza swali lile lile: akinunua raifoli ya zamani, ya aina inayojipakia yenyewe, achukue ipi? Hawindi, wala hana wa kumwogopa. Anapenda historia, na huko aliko mtu hununua raifoli ya vita kuu kama mwingine anavyonunua saa ya babu wa mtu. Ameniona mimi kuwa ndiye wa kuulizwa kwa sababu nilitumikia jeshi katika ghala la silaha, nikifungua bunduki za watu, nikizisafisha, nikizihesabu na kuzifungia tena. Anaamini mtu aliyeshika bunduki nyingi hivyo hakosi moja aipendayo.

Sikumjibu upesi. Kwa aliyekulia upande wa Kuria, Kaunti ya Migori, ni vigumu kuitazama bunduki yoyote kama kitu cha kale. Za kwetu bado ziko kazini.

Ya kwanza niliyoijua kwa karibu ilikuwa Mark 4 ya askari wa akiba wa kijijini kwetu, si mbali na Kehancha. Ni raifoli ya Kiingereza ya wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, inayobeba risasi kumi za .303, na kila ukifyatua moja lazima mkono urudi kwenye bolti kuleta nyingine. Ilimzidi umri aliyeibeba. Nduru zikipigwa usiku kwamba ng'ombe wamechukuliwa, yeye ndiye alitangulia, na sisi watoto tulimwona kama simba. Asubuhi moja baada ya msako, ng'ombe wakiwa wamerudi na wazee wameshaanza kusifiana, nilimkuta yeye na wanawe wameinama kwenye nyasi zenye umande. Walikuwa wakitafuta maganda ya risasi. Alipewa risasi kwa hesabu, na kila iliyotumika alidaiwa maelezo na ganda lake. Aliyapata yote isipokuwa moja, na hilo moja lilimnyima raha kuliko wezi wenyewe.

Miaka mingi baadaye nilimuuliza kama hakutamani bunduki ya kisasa, ambayo hujiletea risasi yenyewe. Akasema bolti ile ilimfaa usiku: mkono ukirudi nyuma, macho hupata nafasi ya kuona ni nani aliye mbele. Mpwa wangu nilipomsimulia hayo alidhani namshawishi anunue Mark 4. Hapana. Nilitaka ajue kwamba kujipakia, ambako yeye anakuona kuwa ni ufundi wa kupendeza, kulibuniwa ili kuondoa nafasi hiyo.

Bunduki ya kwanza ya kujipakia niliisikia kabla ya kuiona. Sisi Wakuria tuko pande zote mbili za mpaka, na ukivuka Isebania kwenda Sirari bado uko kwa jamaa zako. Mmoja wa wajomba zangu wa Tarime alikuwa mwanajeshi wa Tanzania na alipigana vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Jeshini kwao Kalashnikov waliiita SMG, na SKS waliiita SAR. Jioni, mezani, aliisifu SAR kwa namna ambayo watu wengine husifu jembe: risasi kumi ndani ya kisanduku kisichotoka, singe inayokunjwa chini ya mtutu, mbao nzito, na vipande vichache ambavyo kuruta asiyewahi kushika spana angeweza kuvifungua na kuvirudisha gizani. Mrusi Simonov aliibuni mwaka 1945, na Wachina wakaitengeneza kwa wingi.

Wasichokisema wajomba mezani ni kwamba baada ya vita ile silaha zilizagaa katika nchi yetu ya mpakani. Wizi wa mifugo, ambao kabla yake ulikuwa wa mishale na mapanga, ukawa wa risasi. Mwanaanthropolojia Mmarekani, Michael Fleisher, aliandika kitabu kizima juu ya wezi wa ng'ombe wa Kikuria, kilichotoka mwaka 2000. Sisi tuliokuwapo hatukuhitaji kitabu. Nyumba tatu kutoka kwetu alizikwa kijana aliyefuata ng'ombe wa baba yake kwa upinde, bila kujua kwamba waliotangulia mbele yake walikuwa na bunduki. Kila sifa ambayo mjomba aliitoa ilikuwa ya kweli: nyepesi kujifunza, haikwami, haichagui mwenye kuishika. Ndizo sifa hizo hizo ambazo wauzaji wa Marekani humpa mnunuzi wa mara ya kwanza.

Jeshini ndipo nilipoacha kuzisikia bunduki na kuanza kuzisoma. Niliwakuta wazee waliokuwa wakiisimulia SLR, raifoli ya kujipakia ya Kiingereza, kwa sauti ya mtu anayemtaja mke wa kwanza. Sisi tulikuwa watu wa G3. Zote mbili hutumia risasi ya milimita 7.62, magazini zake huchukua ishirini, lakini ndani hazifanani hata kidogo. SLR hunyonya sehemu ya gesi ya baruti kupitia tundu kwenye mtutu, gesi husukuma pistoni, pistoni husukuma bolti. Ina kidhibiti cha gesi kinachozungushwa kwa mkono, na askari mvivu aliyeacha kukisafisha hukifungulia gesi zaidi na zaidi ili bunduki iendelee kufanya kazi, mpaka siku moja haisikii tena. G3 haina pistoni. Bolti yake huzuiliwa na rola mbili ndogo za chuma, na afya yake hupimwa kwa kuingiza kipande chembamba cha kupimia katika mwanya ulio kati ya kichwa cha bolti na mwili wake. Mwanya huo hautakiwi kupungua chini ya milimita 0.1. Nimewahi kupokea G3 iliyong'arishwa mpaka ikawa kama ya gwaride, lakini mwanya ulikuwa umeisha kabisa. Mwenyewe alishangaa nilipoiandikia kwenda matengenezo. Alisema haijawahi kumwangusha.

Hapo ndipo nilipojifunza kwamba rangi ya bunduki ni ushahidi wa mwenye nayo na wala si wa bunduki. Chuma huchoka kwenye koo la mtutu, pale risasi inapoanza safari, na mdomoni, pale inapotokea. Na mdomoni mara nyingi siyo risasi inayokula chuma, ni fimbo ya kusafishia iliyosuguliwa na askari mwenye bidii asiyefundishwa. Tundu la gesi huchoka. Springi hulegea. Risasi nyingi za zamani zina fataki yenye chumvi inayobaki mtutuni na kunyonya unyevu, na asiyejua humwagia mafuta akadhani amesafisha, kumbe chumvi ile huyeyuka kwa maji tu, heri yakiwa ya moto. Kutu huanzia hapo. Ukiwa kando ya Ziwa Victoria, ambako hewa yenyewe ina unyevu, huna hata wiki ya kuchezea.

G3 iliniachia jambo jingine ambalo siwezi kulitoa kichwani. Chemba yake imechongwa mifereji midogo ili ganda litoke bila kung'ang'ania, kwa hiyo kila ganda linalotoka lina mistari myeusi ubavuni. Nikiwa likizo nyumbani, jirani alinionyesha ganda aliloliokota kwenye zizi lake baada ya kuvamiwa. Lilikuwa na mistari. Tulitazamana bila kusema, kwa sababu sote tulijua ni nani tu anayegawiwa bunduki ya namna hiyo. Imeibwa, imekodishwa, imeporwa kwa aliyekufa, sikujua na sikuuliza.

Homa Bay nilikaa muda mfupi, kwa shughuli za kifamilia zaidi kuliko za kazi, lakini pamenipa mawili. La kwanza ni kiboko. Alikuwa akitoka ziwani usiku kula mahindi, na alishamjeruhi mvuvi. Afisa wa wanyamapori aliyeletwa alikuja na raifoli nzito ya bolti, risasi nene kama kidole. Vijana walinong'ona: kwa nini asije na kitu cha kumimina? Yeye alikaa ufukweni karibu na mashua tangu jua linazama, akafyatua mara moja, akaenda kunywa chai. Nilipozungumza naye alisema risasi ya kivita humkasirisha kiboko, na wingi wake humkasirisha zaidi. Tangu uwindaji upigwe marufuku nchini mwaka 1977, ni watu kama yeye peke yao ambao bado wana sababu ya mchana kweupe ya kubeba raifoli porini, kule Bonde la Lambwe na Hifadhi ya Ruma. Na wao, wenye ruhusa ya kuchagua, kwa kazi hiyo huchagua ya taratibu.

La pili ni kisiwa cha Rusinga. Kaburi la mwanasiasa Tom Mboya limejengwa kwa umbo la risasi. Aliuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969, kwa bastola. Nimesimama pale na wageni, na kila mara kuna mmoja anayeuliza ni bastola ya aina gani. Ilikuwa Smith & Wesson ya .38. Nilikuwa najibu kwa fahari ya fundi, mpaka siku moja bibi mmoja wa pale kisiwani aliponiangalia nikijibu. Hakusema neno. Tangu siku hiyo, anayeuliza namwambia kwanza Mboya alikuwa na umri gani. Hakuwa amefika miaka 39.

Basi mpwa wangu alinialika kumtembelea, na safari ikapangwa ipitie Anniston, Alabama. Huko kuna duka la Civilian Marksmanship Program, shirika la kufundisha raia kulenga shabaha ambalo Bunge la Marekani lilitenganisha na jeshi mwaka 1996. Linauza M1 Garand, raifoli ya zamani ya kujipakia ya jeshi la Marekani, kwa raia wa Marekani tu, na raia mwenyewe lazima awe mwanachama wa klabu inayotambuliwa na aonyeshe kwamba amefunzwa kufyatua.

Mlangoni nilitia mikono mfukoni na sikuitoa. Sheria ya shirikisho ya huko humkataza mgeni aliyeingia kwa viza ya matembezi kuwa na bunduki mikononi, isipokuwa ana kibali maalumu kama leseni ya uwindaji. Mtu aliyefungua bunduki maisha yake yote akawa amesimama mbele ya mamia yake akielekeza kwa midomo, kama tunavyoelekezana kwetu. Mpwa wangu alicheka mpaka muuzaji akaja kuuliza kuna nini.

Zilikuwa zimepangwa kwenye rafu, moja baada ya nyingine, kila moja na kikaratasi chake. Garand ilipokewa jeshini mwaka 1936, na zilitengenezwa zaidi ya milioni tano. Nyingi zilikopeshwa nchi rafiki baada ya vita, zikakaa Ugiriki, Denmark, Ufilipino, kisha zikarudishwa. Kwenye kikaratasi kuna namba mbili: ya koo na ya mdomo wa mtutu. Ndogo ni heri. Nilifurahi kuliko nilivyotarajia. Huyu ni muuzaji anayekuandikia kasoro ya mali yake kabla hujauliza!

Mpwa wangu alivutwa na moja yenye mbao mpya, nyekundu, kama kabati la harusi. Namba zake zilikuwa za wastani. Mimi midomo yangu ilielekea nyingine, mbao zimekwaruzwa, mafuta ya mikono ya watu yameingia mpaka yamezigeuza nyeusi, lakini mdomo wa mtutu ulikuwa karibu kama mpya. Nikamwambia atazame fimbo ya kuendeshea bolti, ile ndefu ya ubavuni, kama imepinda. Aulize risasi gani iliyotumiwa kuipima. Asiamini mtu yeyote wa mtaani atakayemwambia kila kipande ni cha asili, kwa sababu Garand karibu zote zilipita karakana za jeshi, zikafunguliwa na kuchanganywa vipande bila mtu kujali. Nikamwonya juu ya kidole gumba. Klipu ya risasi nane husukumwa ndani kutoka juu, na bolti ikiachiwa kidole kikiwa bado pale, utakumbuka. Tena asijaribu risasi nzito za kuwindia za dukani: presha yake hufika kwenye tundu la gesi ikiwa kubwa mno na ndiyo inayopinda ile fimbo.

SKS tulikuwa tumeimaliza kabla, kwa simu ya video, yeye akiwa katika duka jingine. Nilimwambia atoe bolti aitikise sikioni. Pini ya kufyatulia inatakiwa icheze ndani yake kwa uhuru. Ile haikucheza, grisi ya ghalani ilikuwa imeganda ndani, na pini iliyokwama mbele inaweza kufyatua risasi bolti inapofunga, bila kidole kugusa chochote. Ni kasoro ya kusafishwa, si ya kutupwa, lakini muuzaji alikuwa hajaijua, na muuzaji asiyejua hilo sikuona cha kununua kwake. SLR nayo tuliiacha. Nyingi zilizoko kwa raia huko zimeunganishwa kwa vipande vya zamani juu ya mwili mpya, nyingine kwa vipande vya Kiingereza na vya Ubelgiji ambavyo havilingani vipimo. Ilinisikitisha kidogo, kwa ajili ya wale wazee.

Aliichukua iliyokwaruzwa. Mkewe, ambaye hakutaka kabisa kuja dukani, alikuwa ameshatoa sharti lake: kasha la chuma litafungwa sakafuni kwanza, na risasi zitakaa chumba kingine. Ndilo pendekezo la kitaalamu zaidi nililolisikia katika safari nzima.

Njiani kurudi aliniuliza kama siku moja angeweza kuja nayo Migori, wazee waione. Nikamweleza Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114. Raifoli ya kivita inayojipakia, iwe ya 7.62 au 5.56 au kipimo kingine chochote, sheria yetu imeiweka kundi moja na bombomu. Raia hapewi leseni yake, awe mzalendo kiasi gani. Hata bastola au bunduki ya marisau inayoruhusiwa, mwenyewe huchunguzwa, hueleza sababu, huonyesha atakapoihifadhi. Na Desemba 2018 serikali iliwataka hata waliokwisha pewa leseni wajitokeze kuhakikiwa upya. Aliona ni ukali uliopita kiasi. Alisema Garand ina umri wa kuwa babu, nani ataifanyia ubaya?

Namwelewa. Huko aliko, Garand imeagwa na jeshi, imepimwa, imepewa karatasi, imeuzwa kwa mtu aliyesomea. Imestaafu kweli, na kijana wa Kikuria anaweza kuipenda kama apendavyo treni ya mvuke. Lakini ustaafu wake unatokana na kila kilichoizunguka. Chuma chenyewe hakijachoka. Ishushe Isebania usiku mmoja tu na itakuwa imerudi kazini kabla ya asubuhi, na umri wake hautamsaidia atakayesimama mbele yake.

Niliporudi nyumbani niliwaonyesha picha watu wa kijijini. Askari wa akiba wa sasa, kijana aliyeirithi kazi hiyo, aliikuza ile ya Garand kwa vidole viwili, akaitazama sana, kisha akaniuliza bei. Nilipomtajia alipiga mluzi.

"Na hii yangu, mzee, Wamarekani wangenipa ngapi?"

Nikamwambia ile si yake, ni ya serikali. Akasema anajua, anauliza tu. Nikaipokea, nikafungua bolti, nikatazama mtutu kuelekea mwangani. Mifereji ilikuwa imebaki kivuli. Nikamuuliza anaisafisha kwa kitu gani, akasema mafuta ya cherehani, akiyapata. Ng'ombe walikuwa wamechukuliwa ng'ambo ya mto wiki ile na alikuwa na zamu usiku huo, kwa hiyo tuliacha habari za bei, nikamwita mwanangu alete kitambaa na maji ya moto.